Burse ya michezo Marekani: mwongozo kamili kwa kijana wa Lubumbashi na wazazi wake

Swali ni lile lile kila siku, kwa WhatsApp, kanisani, pembeni ya kiwanja: mtoto wangu ni mrefu, anacheza basketi muzuri kabisa, anaweza kupata burse ya Marekani? Anaweza bana. Lakini urefu si dosie. Vijana wengi wa Lubum hawakwami juu hawajui kucheza, wanakwama juu ya karatasi na juu ya tarehe, wanaanza kuulizia burse wakati wako tayari mwaka wa kwanza ku UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubum, ama wameshasaini kontra na klabu, na hapo mambo inakuwa nguvu sana. Basi nimeandika hii kwa kirefu, isome pole pole, na uitumie wazazi pia juu pesa ni yao.

Mji wetu una mifano miwili mikubwa, na kila mmoja alipita njia yake. Bismack Biyombo amezaliwa hapa, hakupita iniversite, alienda kucheza Uhispania kwa klabu ya Fuenlabrada na mwaka 2011 akachaguliwa namba 7 kwa NBA. Oscar Tshiebwe naye amezaliwa hapa hapa mwaka 1999, alikuwa mtu wa mupira kwanza, akaonekana kwa kambi ya Biyombo, akaenda kumaliza sekondari Marekani, halafu chuo cha West Virginia, halafu Kentucky, na 2022 akawa mchezaji bora wa basketi wa vyuo vyote vya nchi ile. Njia ya mshahara na njia ya burse. Ukiisha kuingia ya kwanza, ya pili inakuwa nyembamba, kwa hiyo chagua mapema. Hapa naongelea ya pili.

Kwa nini chuo kinalipa mtu wa kucheza

Kwetu mchezaji ni wa klabu, uko Mazembe, Lupopo, Don Bosco, na kusoma unasoma kando kama nguvu imebakia. Marekani timu kubwa ni ya chuo. Kiwanja cha chuo cha Michigan kinaingiza watu zaidi ya 107,000, kile ni cha timu ya wanafunzi tu, na televisheni inalipa pesa nyingi kuonyesha mechi. Tarehe 6 Juni 2025 jaji alikubali mapatano makubwa kati ya wanamichezo na NCAA, shirika kubwa linalosimamia michezo ya vyuo, na tangu hapo vyuo vilivyoingia mu mapatano vinaweza kugawia wachezaji pesa moja kwa moja, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa mwaka 2025-26.

Lakini usiote haraka. Ile pesa inatoka kwa futiboli yao ya kofia na basketi ya wanaume, na inarudia kule kule. Michezo mingine, mupira wetu wa miguu, riadha, voliboli, tenisi, inaishi na makombo. Zamani timu ya D1 (Division I, ngazi ya juu ya NCAA) ya mupira wa wanaume ilikuwa na burse 9.9 tu, na kocha alizikatakata kwa watu 25 ama 30, huyu robo, yule nusu, mwingine vitabu tu. Sasa mu vyuo vya mapatano ile mpaka imetoka, wameweka mpaka ya idadi ya wachezaji, 28 kwa mupira, 15 kwa basketi, 45 kwa riadha, na kocha ana ruhusa ya kulipia wote. Ruhusa, si lazima. Vyuo vingi havina ile pesa.

Ngazi za vyuo, na mlango wako uko wapi

NCAA Division I ina vyuo zaidi ya 350, hivi njo unaona ku televisheni. Division II karibu 300, burse ziko ila nyingi ni za kipande. Division III zaidi ya 400 na hakuna burse ya michezo hata moja, mtu akikuambia amekupatia burse ya basketi ya Division III huyo ni muongo, mfungie simu. Vile vile vyuo nane vya Ivy League, Harvard, Yale, Princeton na wenzao, viko Division I lakini havitoi burse ya michezo, vinatoa msaada kwa kuangalia umaskini wa familia. Na hapa vijana wenye akili ya masomo wasikilize vizuri: chuo kama Harvard ama Yale kinaweza kulipia karibu yote mtoto ambaye familia yake haina kitu, na kocha anaweza kukusukumia jina kwa watu wa udahili. Ila lazima uwe na alama za juu sana, si za kupita tu.

Nje ya NCAA kuko NAIA, vyuo vidogo zaidi ya 200, vingi vya makanisa, na kuko NJCAA, vyuo vya miaka miwili, karibu 500. NJCAA ngazi ya kwanza inaweza kutoa burse kamili na chakula na nyumba, ngazi ya pili inalipia masomo na vitabu, ngazi ya tatu hailipi kitu.

Mimi maoni yangu ni haya: kijana anayetoka Lubum moja kwa moja, hajapita sekondari ya Marekani, mlango wake wa kweli ni NJCAA, NAIA na Division II. Division I ni ya kufikia baadaye, unacheza miaka miwili NJCAA, Kiingereza kinakaa, video inakuwa ya mechi za kule, halafu unahamia. Kuko sababu nyingine tena. Tangu Aprili 2024 NCAA iliruhusu mwanafunzi ahame chuo mara nyingi anavyotaka kama alama zake ziko sawa, sasa kocha wa D1 badala ya kuchukua mtoto wa miaka 18 asiyejulikana anachukua mwanaume wa miaka 22 aliyeshacheza kwingine. Nafasi za wapya zimepungua, njo hali ilivyo.

Wasichana, someni hapa mara mbili

Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX inakataza chuo kinachopokea pesa ya Leta kubagua wasichana, na kwa michezo maana yake nafasi zigawanywe kwa haki. Sasa kwa sababu ile futiboli ya kofia inakula nafasi za wanaume zaidi ya mia kwa timu moja, vyuo vinatafuta kusawazisha kwa kufungua timu za wasichana kwingine. Matokeo yake, timu za mupira wa wasichana D1 ni zaidi ya 300, za wavulana ni karibu 200 tu. Hata kwa sheria ya zamani wasichana walikuwa na burse 14 kwa timu, wavulana zile 9.9.

Na huku kwetu ni wakati gani? Wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la klabu bingwa Afrika 2024. Wasichana wanacheza mu komini zetu za Lubum, ku Katuba, ku Kenya, ku Ruashi, na karibu hakuna mzazi anayefikiria burse kwa ajili yao, kila mtu anapeleka kijana wa kiume mwenye mita mbili. Kama uko na binti anayekimbia na mupira na ana asilimia 65 masomoni, dosie yake ina nguvu kuliko ya kaka yake. Mi nasema hivyo bila kuogopa.

Hatua ya 1: Linda saa yako

Hii njo inaua dosie nyingi kuliko kitu chochote. Kwa sheria ambayo D1 imetumia miaka yote hii, unapojiandikisha muda wote ku chuo kikuu chochote duniani, saa ya miaka mitano inaanza kulia na ndani yake unacheza misimu minne. Chochote duniani, maana yake hata UNILU, hata chuo cha kibinafsi pale mjini, hata kama hukugusa mupira. Kijana anajiandikisha "kwa kungojea," anakaa miaka miwili, halafu anashangaa kocha ameacha kujibu.

Pili, kwa michezo mingi ya D1, ukimaliza sekondari una mwaka mmoja wa neema wa kuingia chuo. Ukizidisha, na unaendelea kucheza ligi, wanaanza kukukata msimu. Na hesabu wanaifanya kuanzia siku uliyoanza kalasi ya tisa, kwetu ni mwaka wa kwanza wa humanite, kwa bahati mfumo wetu ni 6 na 2 na 4, unafanana na wa kwao. Kwa hiyo mtoto aliyerudia kalasi mu humanite ameshakula sehemu ya ule mwaka wa neema kabla hata ya Exetat, mtihani wa Leta wa kumaliza sekondari. NAIA na NJCAA ziko na sheria zao na mara nyingi ni laini zaidi. Sheria hizi za saa zinarekebishwa kila mara, soma tovuti ya NCAA yenyewe mwaka ule unaoomba, usisome screenshot ya mtu.

Tatu, kontra. Klabu ikikupa karatasi ya kusaini yenye mshahara, prime za mechi, meneja wa asilimia, simama kwanza. Kucheza na klabu bila mshahara si kosa. Kontra ya kulipwa inaweza kukupunguzia misimu ama kukufungia kabisa, na usifikiri wataficha, siku hizi kila mechi iko ku intaneti. Kama umeshasaini, sema ukweli mu fomu zao na uweke nakala, uongo ukigunduliwa njo unafunga mlango kabisa.

Hatua ya 2: Karatasi, na hapa usifanye haraka

Anza mwaka wa pili wa humanite, si baada ya diploma. Unahitaji buleteni zote za miaka minne ya humanite, zenye muhuri wa shule, si foto ya giza ya simu. Shule zikifunga, zikihama, zikibadilisha prefe, buleteni zinapotea, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka skani, tuma kwa imeili yako mwenyewe, na orijino weka nyumbani mahali mvua haifiki.

Kwa D1 wanataka masomo ya msingi 16 na wastani wa 2.3 juu ya 4, D2 ni 2.2. Msingi maana yake lugha, hesabu, sayansi, historia na jiografia, na vile. Mtu wa sayansi, Latin-Philo, komersiale ama pedagojia kwa kawaida anafikisha. Mtu wa kushona ama mekanike anaweza kupata shida juu masomo ya ufundi hayahesabiwi kuwa ya msingi, basi aulize mapema. Mitihani ya SAT na ACT, ile ya Wamarekani ya kuingilia chuo, NCAA yenyewe iliacha kuidai mwaka 2023, ila chuo fulani kinaweza kuitaka kwa sababu zake.

Diploma ya Leta sasa. Unajua mwenyewe, matokeo ya Exetat yanatoka wakati wa kiangazi na diploma yenyewe inaweza kuchelewa sana. Masomo ya Marekani yanaanza Agosti. Kumaliza Exetat na kuingia chuo cha Marekani Agosti ile ile, toa mu kichwa. Panga kuingia Januari ama Agosti ya mwaka unaofuata, ule mwaka wa neema njo kazi yake, na uliza chuo mapema kama watapokea karatasi ya kuthibitisha umefaulu wakati diploma inangojewa.

Kila karatasi ya Kifaransa itafsiriwe Kiingereza mstari kwa mstari na mtafsiri aliyeapishwa, na unatuma zote mbili. Halafu unafungua akaunti ku NCAA Eligibility Center, ofisi yao ya kuhakikisha kama una haki ya kucheza, ya bure kwanza, na ile ya kulipia (zaidi ya dola 100) unafungua tu wakati kocha ameonyesha nia ya kweli. Usilipe mbele kwa kiherehere.

Majina! Sisi tuko na jina, jina la kati na jina la ubatizo, na kila ofisi inayapanga vyake. Buleteni inasema hivi, diploma inasema vile, pasipoti imekata moja. Wamarekani wanaona watu watatu tofauti. Fanya pasipoti ifanane na diploma herufi kwa herufi, na kama kuko makosa rekebisha mu shule kabla ya kuandikishwa kwa Exetat, baadaye ni mateso. Na umri, bandugu, wale wa "kukata umri" kwa ajili ya timu za vijana, leseni ya mupira inasema 2009 na buleteni inasema 2006, mjue karatasi hizi zote zitakaa meza moja.

Hatua ya 3: Kiingereza

Kifaransa chako hakitakusaidia darasani Ohio. Vyuo vingi vinadai mtihani wa Kiingereza: TOEFL, IELTS ama Duolingo English Test. Hii ya mwisho inafanyiwa nyumbani, haifiki dola 100, lakini inataka kompyuta yenye kamera, chumba kimya, pasipoti na intaneti isiyokatika, sasa na umeme wetu wa SNEL unajua, tafuta mahali penye jenereta ama sola, fanya asubuhi. Usianze kusoma Kiingereza miezi mitatu kabla. Miaka miwili, kila siku kidogo, na uongee, juu kocha atakupigia video na dakika tano zile zinaamua mengi. Sehemu kubwa ya kazi ya kocha ni kupiga kelele, na wewe uelewe.

Hatua ya 4: Video na namba

Kwa basketi na mupira: video ya dakika 3 mpaka 5, vitendo vyako bora viwe mu sekunde 30 za kwanza, bila muziki wa fujo, weka alama ya duara ama mshale mwanzoni mwa kila kitendo ili kocha ajue wewe ni yupi. Filamu kutoka juu, ku tribini ama ku ghorofa jirani, simu ilale upande, mtu mmoja afuate mchezo wote si wewe tu. Halafu weka na mechi nzima mbili kamili, juu kocha mzuri anataka kuona unavyorudi nyuma umechoka. Video ya kufunga mabao mazoezini dhidi ya watoto haina maana. Andika jina la timu pinzani na tarehe.

Urefu upimwe bila viatu. Watu wetu wanaongeza sentimita tano, kocha anapanga hesabu yake yote juu ya ile namba, na siku unafika anaona kwa macho.

Kwa riadha mambo ni rahisi zaidi na magumu zaidi, namba njo inasema. Muda wa saa ya mkono hawauamini, kwa mita 100 na 200 kanuni ni kuongeza sekunde 0.24, kwa 400 sekunde 0.14, kwa hiyo ile 10.6 yako ya kiwanjani ni 10.84. Tafuta mashindano yenye saa ya umeme, hata kama ni kusafiri, matokeo yakae ku tovuti ya World Athletics. Kisha fungua matokeo ya kanda ya chuo unachokitaka, angalia mtu wa nane alikimbia ngapi. Kama uko karibu na yeye, andika. Kama uko mbali, shuka ngazi.

Hatua ya 5: Kuandikia makocha

Hakuna ajenti anayehitajika hapa. Kila chuo kina tovuti ya michezo yenye orodha ya makocha na imeili zao, wazi kabisa. Andikia kocha msaidizi, huyo njo anasoma, kocha mkuu weka kopi. Tengeneza orodha ya vyuo 60 ama 80 hivi, vingi NJCAA, NAIA na D2, na angalia kama kikosi chao kina wageni tayari, juu chuo kisichowahi kuchukua mgeni hakijui hata fomu za viza.

Imeili iwe fupi kuliko unavyofikiri. Kichwa cha habari: jina, mwaka unaomaliza sekondari, nafasi unayocheza, urefu, DR Congo. Ndani: mimi ni nani, ninacheza wapi, asilimia zangu za masomo, alama ya Kiingereza, linki ya video, linki ya mechi nzima, namba ya WhatsApp ya kocha wangu, na sentensi moja inayoonyesha umesoma kuhusu timu yao, kwa mfano mabeki wao wawili wanamaliza mwaka huu. Usiandike umaskini wa familia kurasa mbili. Usitume imeili moja kwa makocha 80 wakionekana wote pale juu.

Wewe unaweza kuandika wakati wowote. Kocha wa D1 naye kwa michezo mingi hawezi kukujibu kibinafsi kabla ya tarehe 15 Juni baada ya mwaka wako wa pili wa humanite, kwa hiyo kimya chake hakimaanishi hapana. Rudia kila wiki sita ukiwa na kitu kipya, video, alama, kombe. Watu 70 hawatajibu. Ni kawaida.

Kuhusu wale wanaoomba dola 1,500 "za kufungulia burse": sheria za NCAA hazikubali mtu alipwe kwa kukuweka chuoni ama kwa kuhesabu burse uliyopata. Na wakikuletea karatasi ya kusaini inayoitwa National Letter of Intent, uliza tarehe, juu mfumo ule ulifutwa Oktoba 2024. Sasa chuo kinakutumia makubaliano ya msaada wa pesa, yenye kiasi kimeandikwa, na yanatoka ofisi ya chuo, si Gmail ya mtu. Hakuna chuo kinachouza viza.

Kuko pia wanaokuja kuchukua watoto wa miaka 15 na 16 kwa shule za sekondari kule. Tshiebwe alipita hiyo njia na ikamfaa. Lakini mzazi aulize: shule inaitwa nani, iko ku orodha ya serikali ya Marekani ya shule zinazopokea wageni ama hapana, mtoto atalala kwa nani, nani analipa akiumia goti. Shule nyingine ni gym na jina tu, na NCAA haikubali masomo yake. Kama jibu ni "usijali mama," mtoto abaki.

Hatua ya 6: Ofa imekuja, chukua kalamu

Kocha anasema "tunakupa burse ya dola 20,000!" Nyumbani wanapiga kigelegele, bukari na kuku. Subiri. Chuo kinagharimu ngapi kwa mwaka, pamoja na nyumba, chakula, bima, vitabu? Tuseme 38,000. Imebakia 18,000, mara miaka minne ni 72,000, bila tiketi ya ndege. Hii si burse, hii ni punguzo. Na kumbuka: kabla chuo hakijakupa fomu I-20, karatasi ya kuombea viza, unaonyesha pesa ya mwaka wa kwanza inatoka wapi.

Kwa hiyo unajibu kwa heshima: asante kocha, familia yangu inaweza kuleta kiasi hiki tu, kuko burse ya masomo ya kuongezea? Vyuo vya NAIA na D2 mara nyingi vinachanganya burse ya michezo na ya alama za darasani, njo maana naimba asilimia tangu mwanzo. Dikembe Mutombo mwenyewe, mtu wa Kinshasa, alifika Georgetown 1987 kwa burse ya masomo, alitaka udaktari, basketi ilimkuta kule.

Uliza na haya, yote kwa maandishi: burse ni ya mwaka mmoja ama zaidi, nikiumia inaendelea, kocha akifukuzwa inaendelea, bima inalipia operesheni, likizo ya Desemba nalala wapi. Hilo la mwisho watu wanacheka mpaka siku mabweni yanafungwa na theluji iko nje.

Hatua ya 7: Viza

I-20 ikifika, unalipa SEVIS (rejista ya serikali yao ya wanafunzi wa kigeni) dola 350, unajaza DS-160, fomu ya viza ya ku intaneti, unalipa viza dola 185, unaenda Kinshasa ku ambasade, hesabu na ndege ya kutoka Luano. Zamani watu wa Lubum walikuwa wanafikiria Lusaka juu ni karibu, lakini tangu Septemba 2025 Marekani inataka uombe mu nchi yako ama unakoishi. Juni 2025 walifungia viza Congo-Brazzaville, siyo sisi, ila orodha zile zinabadilika, angalia kabla ya kulipa kitu chochote.

Ku mahojiano usiseme ndoto ya NBA. Sema utasoma nini, kwa nini chuo kile, nani analipa kiasi gani, na ukimaliza utarudi kufanya nini. Mtu anayeomba kusoma jeolojia na mji wake umekaa juu ya shaba na kobalti ana hadithi inayoeleweka. Jua jina la kocha, jina la mji, jina la jimbo. Kijana ambaye hajui chuo chake kiko wapi ananyimwa, na kwa kweli mi naelewa kwa nini.

Ukifika

Lazima uchukue angalau kredi 12 kila muhula, viza inataka na NCAA inataka, ukishuka unapoteza vyote viwili. Mazoezi rasmi D1 yana mpaka wa saa 20 kwa wiki msimu ukiwa wazi, lakini safari na matibabu havimo, kwa hiyo usichague somo ambalo hulielewi. Kazi ni ndani ya chuo tu, mpaka saa 20 kwa wiki. Na zile pesa za matangazo ambazo wanamichezo wameruhusiwa kupata tangu Julai 2021, viza yako ya mwanafunzi, F-1, inazibana: Tshiebwe alikuwa mchezaji bora wa nchi nzima na bado alingojea timu iende Bahamas mwaka 2022 ili afanye matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Kabla ya kukubali hata dola 50 za kuweka foto ku Instagram, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Kuhusu Canada

Wachache wanaiulizia na ni ajabu, juu Kifaransa tunacho tayari. Laval, Montréal, Sherbrooke, UQAM, na Moncton upande wa New Brunswick, vyote vinafundisha Kifaransa na vina timu mu U Sports, shirika la michezo ya vyuo vya Canada. Kwa kawaida burse ya michezo kule haivuki ada ya masomo, chakula na nyumba ni juu yako, na ada ya mgeni ni kubwa. Kwa Québec, kabla ya kibali cha masomo cha Canada, jimbo lenyewe linataka kibali chake kinachoitwa CAQ, na barua ya chuo inabidi iwe mkononi kwanza. Barua za makocha unaandika zile zile, ila kwa Kifaransa, na hapo huna kisingizio cha kuandika vibaya.